Paa Lilielekea Wapi?

Habari huwa ni ile ile, na maneno yake karibu yote ni yale yale. Mvua kubwa iliyoambatana na upepo mkali imepita kijiji fulani. Nyumba kadhaa zimeezuliwa mapaa, madarasa mawili ya shule ya msingi nayo hayakusalimika, kaya zilizokosa mahali pa kulala zimehifadhiwa kwa ndugu na majirani, na mkuu wa wilaya, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya maafa, amewataka wananchi wawe watulivu wakati tathmini ikiendelea. Msikilizaji wa redio aliyeko Njombe au Makambako anaweza kuimalizia taarifa hiyo mwenyewe kabla mtangazaji hajafika mwisho.

Neno la kutazamwa hapo ni tathmini. Ina historia yake nchi hii, na historia hiyo haikuanzia kwenye upepo. Nani alianza kuhesabu nyumba za watu wa Njombe, na alizihesabu ili apate nini? Na imekuwaje, miaka zaidi ya mia moja baadaye, daftari la kijiji linajua idadi ya bati zilizopeperuka lakini halijui zilipeperukia upande gani? Swali hilo la mwisho linaweza kuonekana la kipuuzi. Ndilo, hata hivyo, linaloweza kutenganisha upepo wa kawaida wa mvua ya radi na ule uzungukao ambao Wamarekani huuita tornado.

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia inapita hapo, na ya Songea inachepukia hapo hapo, ikipanda kilomita kama 60 hadi mji wa Njombe. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inaibukia Makambako ikitoka bonde la Kilombero, baada ya kile kipande cha Mlimba chenye mahandaki na madaraja mfululizo kilichowatoa jasho wajenzi kuliko kingine chochote. Lakini kabla ya reli na lami, upepo ulikuwa umeshaijua njia hiyo. Wataalamu wa viumbe huliita eneo hili Pengo la Makambako: upande mmoja inaishia milima ya Udzungwa, ambayo ni mkia wa safu ya Tao la Mashariki, na upande wa pili inaanza milima ya Kipengere. Wao hulitaja pengo hilo wanapoeleza kwa nini mimea na wanyama wa milima ya huku wanatofautiana na wa kule. Mkazi wa Makambako analijua kwa vumbi la Agosti na kwa kofia ambayo lazima ishikwe kwa mkono. Kampuni ya Windlab nayo ililijua kwa vipimo, ikaupangia upepo huo mradi wa umeme ulioitwa Miombo Hewani. Mufindi, jirani tu, mapangaboi matatu yanazalisha umeme tangu 2020.

Upepo huo wa kiangazi, pamoja na kelele zake zote, si mwezuaji mkubwa. Unavuma siku nyingi kutoka upande mmoja na watu wamejenga wakiujua. Anayeezua ni yule anayekuja na mvua. Njombe ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili au Mei, na mwanzoni mwa msimu huo ardhi inakuwa na joto, wingu linapanda juu kama mnara, kisha hewa baridi inaporomoka kutoka humo na kugonga chini kama ndoo ya maji iliyomwagwa sakafuni. Dakika kumi, mara nyingi pungufu. Mvua ya mawe ikiwamo, ndiyo mwisho wa maua ya miparachichi. Na mara chache, chini ya wingu la namna hiyo, hewa hujisokota.

Ikijisokota, lugha yenyewe inaanza kusita. Gazeti likiandika kwamba kimbunga kimeikumba wilaya ya bara, mtu wa pwani hushangaa. Kwake kimbunga kinatoka baharini na kinapewa jina la mtu, kama Hidaya kilichofika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Hicho kinaishi kwa uvuguvugu wa maji ya bahari, na kikipanda nchi kavu kinapungua nguvu. Hakiwezi kuipanda Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa upepo wa bara uzungukao kuna kisulisuli, na kuna chamchela. Walutheri wa Njombe, ambao si haba, wamelizoea neno kisulisuli tangu shule ya Jumapili kwa sababu ya safari ya nabii Eliya. Tatizo ni kwamba kisulisuli ni hicho cha Eliya, na ni hicho hicho cha vumbi kinachokatiza uwanja wa mpira saa saba mchana na kumvua mwamuzi kofia. Jina moja limebebeshwa mizigo miwili isiyolingana, na mtendaji wa kijiji, akitaka salama, anaandika "upepo mkali".

Hesabu kubwa ya kwanza ya hasara ya upepo katika nchi hizi inayokumbukwa vizuri ilifanywa Unguja. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga bandari ya Zanzibar, kikavunja vyombo vilivyotia nanga, merikebu za Sultani Sayyid Barghash zikiwamo, wakati yeye mwenyewe hajamaliza hata miaka miwili kwenye kiti. Kilipopita, kilichohesabiwa kwanza mashambani kilikuwa miti. Karibu theluthi mbili za mikarafuu ya Unguja ilikuwa imelala, na minazi mingi pamoja nayo, huku Pemba ikisalimika kwa kiasi kikubwa. Wenye mashamba, wakopeshaji wao na mabalozi wa nchi za nje wote walitaka kujua idadi hiyo, kwa sababu mkarafuu ulikuwa deni, rehani na forodha. Kuanzia hapo Pemba ndiyo ikawa shamba kuu la karafuu, na hadi leo ndivyo ilivyo. Vibanda vya makuti vya watumwa na wakulima wadogo vilivyopeperushwa siku ile havikuwa na wa kuvihesabu. Kuti husukwa upya.

Bara, mambo yalikuwa kinyume. Nyumba ndiyo iliyohesabiwa.

Serikali ya Wajerumani ilitangaza kodi ya nyumba mwishoni mwa 1897, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Kwa hiyo mtu wa kwanza wa serikali kusimama mbele ya nyumba ya Mbena, mwenyeji wa Njombe, na kuitia katika orodha alikuwa amekuja kuchukua. Kote katika Afrika ya kikoloni watu walijibu kodi ya namna hiyo kwa kubanana wengi chini ya paa moja, na paa lililoanguka halikuwa na haraka ya kusimamishwa. Waingereza walipoingia walitunga sheria yao ya kodi ya nyumba na kichwa mwaka 1922, na orodha ikaendelea. Katikati ya hapo kulikuwa na vita vya Maji Maji: Septemba 1905 misheni ya Yakobi, jirani na Njombe, ilishambuliwa, na majeshi ya Wajerumani yakajibu kusini kote kwa kuchoma nyumba na vyakula. Vijiji vilivyobaki bila mapaa miaka hiyo vilikuwa kazi ya moto, na hakuna aliyefika na daftari kuuliza hasara.

Nyumba zenyewe zilikuwa za miti na udongo, fito za mianzi au za miti midogo, na nyasi juu. Nyasi zina aibu zake. Zinavuja zikizeeka, panya wanazipenda, na cheche moja inamaliza kila kitu. Lakini mbele ya upepo zina tabia njema: zinachomoka kidogo kidogo, upepo unapenya katikati yake badala ya kuzisukuma kwa pamoja, na zikianguka haziui mtu. Kuezeka upya ilikuwa kazi ya kualikana. Wanaume wanakuja na kamba, wanawake wanakuja na mizigo ya nyasi, na mwenye nyumba anatafuta ulanzi, ile pombe ya mianzi inayogemwa wakati wa mvua, msimu ule ule ambao upepo unaezua. Hasara ya upepo ilipimwa kwa siku za kazi na vibuyu vya ulanzi. Ilikuwa tathmini kamili, ila haikuandikwa.

Utaratibu huo ulihitaji watu wawepo. Kuanzia miaka ya 1920 na kuendelea, Njombe ikageuka kuwa mojawapo ya nchi zilizotoa manamba wengi kwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wakaanzisha ofisi yao ya kuajiri vibarua, SILABU, na malori yakawa yanakuja kuwachukua wanaume kwa mkataba. Mke aliyeachwa na nyumba ya nyasi inayotaka kuezekwa, huku mume na kaka zake wote wako mkongeni, alikuwa na shida ambayo ulanzi hauitatui. Yule manamba naye alikuwa anarudi na kitu ambacho baba yake hakuwa nacho: shilingi.

Shilingi ilinunua bati.

Bati zilianza juu ya majengo ya misheni, ya serikali na ya maduka, ndipo zikahamia kwa mwalimu, kwa mchuuzi na kwa mkulima wa pareto au chai. Mwaka 1960 kiwanda cha ALAF kilianzishwa Dar es Salaam, na uhuru ulipofika mwaka uliofuata bati lilikuwa limeshakuwa alama ya mtu aliyeendelea. Mwalimu Nyerere hakufurahishwa sana na mapenzi hayo. Katika tathmini yake ya 1977 ya miaka kumi ya Azimio la Arusha aliwasema wazi wananchi waliokataa kujenga kwa tofali za kuchoma na vigae wakingojea saruji na bati, na akaona hiyo ni aina ya kupooza akili. Hoja yake ilikuwa ya fedha na kujitegemea. Angeweza kuongeza na ya upepo, kwa sababu kigae ni kizito na hakibebwi kirahisi. Njombe ilimsikiliza nusu nusu: tofali ikachoma, vigae ikaviacha.

Hesabu ya bati inatosha kufanywa mara moja ili jambo lieleweke. Geji 30, ambayo ndiyo watu wengi wanaimudu, ina unene wa takriban theluthi moja ya milimita. Mita moja ya mraba haifiki kilo 3. Upepo wa kilomita 100 kwa saa, hata katika hewa nyepesi ya nyanda za juu, unasukuma kwa nguvu ya karibu kilo 40 kwa kila mita hiyo moja. Na kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake inaongezeka mara nne. Maana yake ni kwamba bati halijawahi kukaa juu ya nyumba kwa uzito wake. Linakaa kwa hisani ya msumari.

Kisha vijiji vikahamishwa. Operesheni ya vijiji ya 1974 iliwatoa watu wa Njombe kwenye makazi yao yaliyotawanyika, yaliyojificha kwenye mikunjo ya vilima karibu na mianzi na vinyungu, yaani bustani za mabondeni, ikawapanga kwa mistari, mara nyingi kando ya barabara. Barabara katika nchi ya vilima hupenda kupita mgongoni. Hakuna aliyelipanga jambo hilo kwa ubaya, lakini matokeo yake yanaonekana hadi leo: safu za nyumba zikiutazama upepo uso kwa uso, bila mti wa maana mbele yake. Mpango huo ulikamilisha pia kitu ambacho tathmini ilikihitaji, yaani watu wa kuhesabu. Balozi wa nyumba kumi alikuwapo tangu TANU ilipoanza kupanga mashina yake katikati ya miaka ya 1960. Sheria ya vijiji ya 1975 ikampa kila mwanakijiji serikali iliyo umbali wa kutembea. Upepo ukipita usiku, balozi anazunguka nyumba zake kumi asubuhi, anapeleka majina kwa mwenyekiti, majina yanapanda kwenda kata, tarafa, wilaya. Mfumo ule ule wa ngazi kwa ngazi, ukiondoa mabadiliko ya majina na mihuri, ndio unaotumika sasa.

Tofauti na ya Mjerumani, orodha hii mpya ilikuwa ya kutoa. Watu waliiamini kwa kiasi fulani na kuichezea kwa kiasi fulani. Banda la mbuzi likaandikwa jiko, jiko likaandikwa nyumba. Anayelalamikia ujanja huo akumbuke kwamba babu wa mtu huyo huyo aliificha nyumba yake ili isiandikwe.

Siku ya tathmini ina sura yake. Mtendaji wa kijiji anakuja na kaunta buku, mwenyekiti wa kitongoji yuko pembeni, na kama uharibifu ni mkubwa kuna mhandisi wa halmashauri mwenye gari, mtu wa TANESCO anayetazama nguzo zake, na kijana wa Msalaba Mwekundu. Safu za daftari zimechorwa kwa rula: namba, jina la mkuu wa kaya, kitongoji, idadi ya watu, aina ya jengo, hali ya uharibifu, sahihi. "Kamwene, mama," anasalimia mtendaji. "Kamwene," anaitikia mwenye nyumba, kisha anawaongoza nyuma, kwenye shamba la mahindi, ambako bati zake zimejikunja kama majani makavu ya mgomba. Anazihesabu kwa kuzigusa moja moja kwa mguu. Kumi na nane. Mbili hazijaonekana. Mtendaji anaandika: "paa limeezuliwa lote."

Hapo ndipo mtu mwenye jicho angechutama. Msumari wa bati una habari. Ukiwa bado umening'inia kwenye bati na umetoka na nyuzi za mbao, ni papi iliyoshindwa, labda kwa sababu ilikuwa ya msindano mchanga uliopigwa misumari ungali mbichi. Ikiwa msumari umebaki kwenye papi na bati limechanika kuuzunguka, bati lilikuwa jembamba, geji 32 pengine, na msumari ulifanya kazi yake hadi mwisho. Bati na papi zikiruka pamoja zikiwa zimeshikana, maungio ya papi na kenchi ndiyo yaliyoachia. Na kenchi zote zikiondoka kama mwavuli, swali linahamia ukutani: je, kulikuwa na lenta, na kuna chochote kilichozifunga kenchi kwenye lenta hiyo, au zilikuwa zimekaa tu juu ya tofali kwa matumaini? Kila namna ya kushindwa inahitaji nguvu yake. Kwa hiyo kila moja inatoa makadirio tofauti ya kasi ya upepo, na mahali ambapo hakuna kipima upepo karibu, makadirio hayo ndiyo kipimo pekee kitakachopatikana. Daftari linazitia zote katika maneno matatu.

Si uvivu wa mtendaji. Daftari limeumbwa na sheria, na sheria imekuwa ikiuliza swali moja. Ile ya 1990 ilikuwa ya uratibu wa misaada ya maafa, na jina lake linajieleza: nani apewe turubai, nani apewe unga. Iliyofuata ya 2015 na ya sasa ya 2022 zimepanua maneno hadi usimamizi wa maafa, zikizungumzia kujikinga na kujiandaa, na kamati zimewekwa kutoka taifa hadi kijiji. Ila fomu inayojazwa kwenye shamba la mahindi bado ni ya kugawa.

Ilikuwapo siku ambayo nchi nzima iliona ni kitu gani kinapotea daftari linapouliza swali moja. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015 mvua ya mawe na upepo viliipiga Mwakata, wilaya ya Kahama, na watu zaidi ya 40 wakafa. Rais Kikwete alifika. Wengi wa waliokufa hawakuuawa na paa. Waliangukiwa na kuta za tofali mbichi zilizolowa maji na kupigwa na barafu hadi zikaachia, wakiwa wamelala. Somo la Mwakata lilikuwa ukuta, na ukuta ndio unaopewa nafasi ndogo kuliko yote kwenye orodha za uharibifu wa upepo. Bangladesh walikuwa wamejifunza lingine kwa gharama kubwa zaidi: Aprili 1989 tornado iliyopita Daulatpur na Saturia iliua watu wapatao 1,300, na bati zilizokuwa zikiruka zilikata kama panga.

Mtu aliyefundisha dunia kusoma uharibifu hakuwa fundi wa mapaa. Tetsuya Fujita alikuwa mwalimu kijana wa chuo mjini Kokura, Japani, mwaka 1945. Mawingu yalilificha jiji hilo tarehe 9 Agosti, ndege iliyobeba bomu ikaliacha na kuelekea Nagasaki. Wiki chache baadaye Fujita alitumwa huko na Hiroshima kuchunguza, na akaona jinsi miti ilivyolala: iliyokuwa chini kabisa ya mlipuko ilibaki imesimama, imenyonyolewa matawi, na ya pembeni ilianguka kuelekea nje pande zote. Miaka mingi baadaye, akiwa profesa Chicago, akaruka kwa ndege juu ya misitu ya Marekani iliyopigwa na radi na upepo, akaona umbo lile lile. Hewa ilikuwa imeporomoka kutoka wingu na kusambaa. Kipimo chake cha tornado alikitoa 1971, na Wamarekani wakakirekebisha 2007 kwa kuorodhesha vitu 28 vya kutazamwa, kuanzia mabanda ya shambani hadi miti. Kinaanzia upepo wa kilomita 105 kwa saa. Katika orodha hiyo hakuna nyumba ya tofali mbichi yenye bati geji 30, na anayekichukua kipimo hicho kama kilivyo na kukileta Wanging'ombe, mkoani Njombe, atapata majibu ya Kansas.

Vitu viwili vya mwisho kwenye orodha hiyo, hata hivyo, ni miti ya mbao ngumu na miti ya mbao laini. Na ikiwa kuna mahali Afrika Mashariki ambapo miti imepangwa kana kwamba inasubiri kusomwa, ni Njombe.

Miti ya kupandwa ni historia ya mkoa huu kama ilivyo karafuu kwa Pemba. Mwaka 1949 kampuni ya miwati, TANWAT, ilianzishwa karibu na mji wa Njombe kwa fedha za shirika la maendeleo la kikoloni la Uingereza, ikivuna maganda kwa ajili ya kutengeneza ngozi. Wakulima wakachukua mbegu wakapanda yao. Baadaye ukaja msindano, ukaja mlingoti, bei ya mbao ikapanda, na ikafika wakati ambapo mwalimu wa Dar es Salaam mwenye asili ya Lupembe alikuwa na ekari tano za misindano badala ya akaunti benki. Kuanzia 2014 mradi wa Panda Miti Kibiashara, uliosaidiwa na Finland, uliwafundisha wakulima kuchagua mbegu na kupanda kwa vipimo: mita 3 kwa 3, mstari ulionyooka.

Mstari ulionyooka ni karatasi ya grafu. Upepo unaoporomoka kutoka wingu ukipita shamba la namna hiyo, miti inalala ikifunguka kama feni, shina likiwa upande ule upepo ulikotua. Upepo wa mbele ya mvua unaosukuma kwa upana utailaza yote upande mmoja, hekta kwa hekta. Lakini kisulisuli cha kweli kinapita kama mtu aliyeburuta gogo: ukanda mwembamba, mita hamsini au mia, na ndani yake miti imelaliana, ya kulia imeelekea kushoto, ya kushoto imeelekea kulia, mingine imekatwa kwa kusokotwa katikati ya shina. Nje ya ukanda huo, hatua ishirini tu, misindano imesimama kana kwamba hakuna lililotokea. Mtu hahitaji shahada kuona hayo. Anahitaji kufika mapema, dira, na kipande cha karatasi.

Hafiki mtu. Unguja ya 1872 ilihesabu miti na kuisahau nyumba ya mnyonge. Njombe ya leo inahesabu nyumba na kuuacha mti, wakati mti ndio utajiri wa kaya nyingi na ndio shahidi pekee aliyeona upepo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwenye ekari mbili za misindano ya miaka saba iliyolazwa hana safu kwenye kaunta buku, kwa sababu msaada wa turubai haumhusu. Anachopata ni dalali. Dalali anafika siku ya pili, anazunguka shamba akitikisa kichwa, anataja bei ya kuni, na jioni kuna mlio wa chenso. Siku ya nne ushahidi umekuwa papi na kuni, na pengine papi hizo ndizo zitakazorudishia paa la jirani, zikiwa bado mbichi, zipigwe misumari zisinyae, zisubiri Novemba nyingine.

Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa zimeboreka sana katika miaka hii, na mvuvi wa pwani anajua maana ya upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Mkulima wa Igwachanya, huko Wanging'ombe, hana mawimbi. Ili aambiwe kitu cha maana kuhusu upepo wake, lazima kwanza upepo huo uwe umeandikwa mahali fulani: saa, njia, upana, nguvu. Hilo halihitaji mitambo. Linahitaji safu mbili zaidi kwenye daftari ambalo tayari lipo na mtendaji ambaye tayari anatembea.

Kwa hiyo ombi ni dogo, na linamwendea yeyote mwenye simu katika vijiji vya Njombe na Makambako. Upepo ukipita, hakikisha kwanza watu wako salama na waya za TANESCO haziko chini. Kisha, kabla bati hazijarudishwa uani, simama kwenye nyumba, tazama zilipo, hesabu hatua hadi pale, na andika upande. Nenda kwenye miti. Piga picha ukiwa umesimama kwenye shina, simu ikielekea kilele, na andika upande huo pia. Dira imo ndani ya simu hiyo hiyo. Mpe mtendaji aviambatanishe na orodha yake. Fanya hivyo siku ya kwanza, maana chenso haingoji tathmini.